Banda Linalofundisha Bila Mabango

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji waulize kuhusu majengo madogo ya umma. Barua nyingi zilizotufikia zilihusu jambo moja: namna ya kusanifu banda la wazi ambamo mtu atajifunza kwa kuingia, kukaa na kutembea, badala ya kusoma ukutani. Msanifu majengo wetu anajibu.

Ndugu Msanifu, mimi ni katibu wa kamati ya mtaa hapa Tanga. Tumepewa kiwanja kidogo kati ya shule ya msingi na barabara inayoshuka baharini, na tunakusudia kujenga banda la umma la mita 6 kwa 6, ambamo watoto na wapita njia watajifunza jambo. Rasimu tuliyochorewa ina mabango 12 ya maelezo, picha za sayari kwenye dari na runinga moja kubwa. Wajumbe wengi wameipenda. Mimi nina wasiwasi kwamba baada ya miezi miwili hakuna atakayeitazama. Unatushauri nini? Na kama una nafasi, utuambie pia sherehe ya ufunguzi tuipange lini, maana diwani anataka tarehe.

Ndugu Katibu, wasiwasi wako una msingi, na ninakuomba uutetee kwenye kikao kijacho. Neno banda lenyewe limetuzoesha vibaya. Kwenye viwanja vya Sabasaba banda ni mahali pa kutundika mabango na kugawa vipeperushi. Jengo linafanya kazi ya msumari, na maonyesho yakiisha hakuna anayelikumbuka. Bango lina kasoro isiyo na dawa: likishasomwa limekwisha. Mtoto anayepita hapo kila siku akienda shule atalisoma mara moja, pengine mara mbili akiwa na mwenzake wa kucheka naye, kisha litageuka kuwa sehemu ya ukuta. Runinga nayo italiwa na hewa ya chumvi au itaondoka usiku, na ikinusurika yote hayo mtaa utakuwa umepata banda umiza jipya la kuonyeshea video, jambo ambalo si baya hata kidogo, ila silo mliloliombea kiwanja.

Jengo mnalolihitaji ni lile ambalo lenyewe linafanya kitu, kwa namna ambayo mtu aliyekaa humo kupumzika ataona kwamba kuna kitu kinafanyika hata kama hakuja kwa ajili hiyo. Mfano mkubwa ninaoujua uko Jaipur, nchini India, ambako mtawala Sawai Jai Singh II alikamilisha karibu mwaka 1734 uwanja mzima wa vyombo vya kupimia jua na nyota, vikubwa kama majumba, vya kupandwa na kuzungukwa kwa miguu. Kilicho kikubwa kuliko vyote, Samrat Yantra, ni kama ngazi ya mawe yenye kimo cha karibu mita 27, na kivuli chake huanguka juu ya kuta zilizopinda zenye alama za saa. Kwa ukubwa huo, kivuli husogea karibu milimita moja kwa kila sekunde, kwa hiyo mgeni akiweka kidole ukingoni mwake anakiona kikimpita. Watu waliofundishwa tangu darasa la tatu kwamba dunia inazunguka husimama pale wameduwaa, kwa sababu walikuwa wanajua maneno na sasa wanaona mwendo.

Ninyi hamna mita 27, wala hamzihitaji. Fanyeni hivi. Katika paa la banda lenu, kwenye kimo cha mita 3 kutoka sakafuni, wekeni bamba jembamba la chuma lililolala sawasawa, na mlitoboe tundu moja lenye upana wa kama sentimita 1. Nasisitiza liwe tundu la pembe tatu. Doa la mwanga litakaloanguka sakafuni litakuwa duara, lenye upana wa karibu sentimita 3, na hapo ndipo ubishi utakapoanzia: kwa nini tundu lina pembe na doa halina? Jibu ni kwamba lile doa ni picha ya jua lenyewe. Wakazi wa Rujewa, kule Mbarali, waliliona jambo hili tarehe 1 Septemba 2016, siku ya kupatwa kwa jua, pale madoa ya mwanga chini ya miti yalipogeuka kuwa pete. Ninawasihi msiliandike jibu hili popote kwenye banda. Waacheni watoto walete matundu yao wenyewe ya karatasi, ya mraba na ya nyota, wayajaribu mpaka wachoke. Mtakachowaambia mapema ni kimoja tu, kwamba doa la sakafuni hutazamwa bila hofu, lakini jua lenyewe halitazamwi kupitia tundu lolote.

Doa hilo litasogea upana wake mzima kwa muda wa dakika mbili na kidogo, yaani mtu akikaa kungoja daladala ataliona likihama kutoka kigae kimoja kwenda kingine. Huo ni mwendo wa siku. Mwendo wa mwaka ni mtamu zaidi, na kwenu Tanga una sura yake. Adhuhuri ya tarehe 21 Juni jua huwa upande wa kaskazini, kwa hiyo doa litaanguka mita 1 na sentimita 63 kusini mwa alama iliyo chini kabisa ya tundu. Mwishoni mwa Desemba jua huwa limehamia kusini, na doa litaanguka karibu mita 1 kaskazini mwa alama hiyo hiyo. Mstari wote una urefu wa mita 2 na sentimita 63, unaoingia ndani ya banda lenu bila taabu. Vitabu vilivyotungwa Ulaya humwambia mtoto kwamba jua la mchana hukaa kusini. Mtoto wa Tanga atagundua kwa miguu yake kwamba kwake jua la adhuhuri hukaa kusini kwa karibu miezi mitano na kaskazini kwa karibu miezi saba, na kwamba ni siku mbili tu kwa mwaka linaposimama utosini.

Msichore mstari huo ukiwa umekamilika. Acheni mfereji mwembamba usiopigwa niru, upana wa kiganja, na kila Ijumaa adhuhuri wanafunzi wawili wabandike simbi moja, yaani kombe dogo la baharini, kwa kijiko kimoja cha chokaa, pale doa lilipo. Wakati wa Machi simbi za wiki mbili zinazofuatana zitaachana kwa kiasi cha sentimita 14. Karibu na Juni na Desemba zitabanana mpaka zigombee nafasi. Nusu ya pili ya mwaka ianzishiwe safu yake pembeni, maana jua linarudi kwa njia ile ile. Wanafunzi wa darasa lililomaliza kazi hiyo watakuwa wameandika kalenda sakafuni kwa mikono yao, nami sijui bango linaloweza kushindana na hilo.

Mstari huo unaelekea kaskazini halisi, na hapa mtapata wakaguzi ambao hamkuwaalika. Makka iko karibu kaskazini kabisa mwa Tanga, tofauti ni kama digrii moja na nusu tu. Ndiyo maana katika mwambao wako wanaoita kaskazini kibla. Wazee watakaopumzika humo baada ya swala ya adhuhuri wataulinganisha mstari wenu na mihrabu ya msikiti wao kabla hamjawaeleza chochote. Waachieni nafasi ya kukaa.

Jambo moja la kuangalia ni giza. Banda lililo wazi pande zote lina mwanga mwingi mno, na doa litafifia. Upande wenye mstari ujengewe kuta tatu nzito na upenu ushuke hadi kama mita 2, mtu mrefu ainame kidogo anapoingia. Kuinama huko nako kuna faida yake: mtu anayetoka juani na kuingia mahali pa giza na ubaridi huacha kuongea kwa sekunde chache, macho yakizoea, na sekunde hizo ndizo anazoanza kuona.

Kwa kuwa mko karibu na bahari, ningeongeza kitu kimoja tu. Zichukueni nguzo mbili za mlangoni, mzipige mstari wa rangi kwenye usawa wa sakafu na mwingine mita 3 juu yake. Maji ya bamvua, yaani yale makubwa, kwenu, kati ya kupwa na kujaa, hupanda kwa zaidi ya kiasi hicho. Maji mafu, ya siku ambazo bahari haijai sana, hupanda kama mita 1 hivi, nayo yapeni alama yake kwenye usawa wa kiuno. Mtu mzima akisimama kati ya nguzo hizo atainua macho kutafuta mahali bahari ingefika. Sayari za kwenye dari ziondoeni kabisa.

Mimi ni fundi mwashi wa Bagamoyo. Niliwahi kuelekeza jengo kaskazini kwa kutumia dira ya simu, na baadaye likaonekana limekosea. Nifanyeje? Pia, tundu la jua linaweza kutobolewa moja kwa moja kwenye zege la paa?

Fundi, dira ya simu haikukosea peke yake. Ilikosewa na nondo. Sumaku ya dira huvutwa na chuma kilicho karibu, na kwenye eneo la ujenzi chuma kiko kila mahali, hadi mfukoni mwa saidia fundi. Tumia kijiti na kamba. Simika kijiti chenye urefu wa mita 1 mahali palipo sawa, ukihakikishe kwa timazi, kisha chora duara kubwa kukizunguka kwa kamba iliyofungwa kwenye kigingi hicho hicho. Asubuhi ncha ya kivuli itakuwa nje ya duara. Ngoja mpaka iingie, utie alama ilipokata mstari. Mchana itatoka upande wa pili, tia alama tena. Mstari unaounganisha alama hizo mbili unakwenda mashariki na magharibi, na ukiupigia mraba umepata kaskazini. Kazi ni ya siku moja, nyingi yake ni kungoja, na ninashauri uifanye mbele ya watoto wa shule jirani, kwa sababu somo la banda linaweza kuanza kabla ya tofali la kwanza.

Kuhusu zege, ninaweza kukujibu kwa aibu yangu mwenyewe. Katika kazi zangu za mwanzo nilisanifu banda dogo la shule moja ya msingi, nikachora tundu la sentimita 1 lililopenya bamba la zege lenye unene wa sentimita 10. Siku ya kukabidhi, mwezi wa Machi, doa lilionekana vizuri sana na nikapongezwa. Nilirudi Julai nikamkuta mwalimu wa zamu ameketi chini ya tundu akisahihisha madaftari. Aliniambia kwa upole kwamba jua la banda langu lilikuwa limekufa tangu mwezi wa Aprili. Nilipanda juu ya paa nikaliona kosa langu mara moja: tundu jembamba ndani ya zege nene ni bomba, na bomba hupitisha mwanga pale tu jua linapokuwa limelingana nalo. Kwa vipimo vyangu, jua likiinama zaidi ya digrii 6 kutoka utosini, kuta za tundu zinalizuia. Banda lile lilikuwa likifanya kazi kwa wiki chache za kuelekea Machi na wiki chache za kuelekea Oktoba, na siku nyingine zote lilikuwa ni zege lenye tundu.

Dawa tuliyotumia ilikuwa rahisi. Fundi alilichimba tundu kwa patasi kutoka juu, akalipanua likawa kama faneli yenye mdomo mpana, kisha akabandika bamba jembamba lenye tundu upande wa chini. Wewe ukianza upya usijisumbue na patasi. Weka kalibu ya faneli kabla ya kumwaga zege, na acha mteremko mdogo sakafuni ili maji ya mvua yatakayopenya yatoke.

Msanifu, kwetu Lamu kila nyumba ya zamani ina daka, na mambo mengi tuliyoyajua utotoni tuliyasikia hapo. Je, kuna haja ya kuiga mabanda ya ng'ambo wakati tunalo letu?

Haja hiyo siioni, na nimefurahi kwamba swali limetoka Lamu. Daka ni darasa lililokamilika ambalo hatujawahi kuliita hivyo: baraza mbili za mawe zinazotazamana mbele ya mlango, mgeni hajaingia ndani na wala hayuko njiani, mwenye nyumba hajalazimika kumkaribisha wala kumfukuza. Watu sita wanakaa wakionana nyuso, magoti yakiwa karibu kiasi kwamba huhitaji kupaza sauti. Mtoto anayetumwa sigara au kahawa husimama kando, na kusimama kando huko ndiko kunakomfundisha. Ningemshauri yeyote anayechora banda la umma apime kwanza daka tatu au nne, kuanzia kimo cha baraza na kina chake, mpaka upana wa njia iliyo kati yake, kabla ya kufungua kompyuta.

Nyumba zenu zina somo jingine ambalo watu hulipita wakidhani ni umaskini wa zamani. Vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake mara nyingi haufiki mita 3. Sababu iko darini: boriti za mikoko zinazobeba sakafu ya juu haziwezi kuvuka nafasi kubwa kuliko hiyo chini ya uzito wa mawe na chokaa, kwa hiyo mti wa pwani ndio ulioamua upana wa chumba, na chumba kikaamua mahali pa kitanda na namna ya kupokea wageni. Banda linaweza kulisema hili bila neno. Lijenge kwa sehemu mbili zinazofuatana, ya kwanza ikiezekwa kwa boriti zilizoachwa wazi, ya pili kwa kenchi ya mbao inayovuka mita 6. Mtu akitembea kutoka moja kwenda nyingine, mabega yake yatafunguka kabla hajajua kwa nini, kisha atatazama juu. Boriti mpya zinahitaji kibali, kwa kuwa mikoko inalindwa pande zote mbili za mpaka, lakini nyumba zilizoanguka zina boriti za zamani ambazo huishia kuwa kuni, na hizo zinatosha.

Kwenye ukingo wa baraza chongeni vipimo vya mwili bila tarakimu: wanda, shubiri, dhiraa, na pima, ambayo ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Chumba cha boriti kitatoka kama pima moja na nusu ya mtu mzima, na mtoto wa miaka minane akinyoosha mikono atapata jibu jingine. Tofauti hiyo ni hesabu ya kutosha kwa alasiri nzima. Baraza nazo zisilingane. Sentimita 45 ni kimo kizuri kwa mtu mzima, lakini mtoto mdogo aliyekaa hapo miguu ikining'inia hudumu dakika tano tu, kwa hiyo ziwepo na za 35 na za 25.

Kuhusu ng'ambo, sipendi kufunga mlango. Mholanzi Aldo van Eyck, kati ya mwaka 1947 na 1978, aliisanifia Amsterdam viwanja vya kuchezea zaidi ya 700, vingi vikiwa kwenye vipande vya ardhi vilivyoachwa kati ya nyumba, na vifaa vyake vilikuwa vitu vya kawaida mno: duara la zege lenye mchanga, mawe ya kurukia, vyuma vilivyopindwa vya kuning'inia. Hakuna kilichofanywa kwa sura ya tembo au roketi. Jiwe lisilo na sura mtoto huligeuza kuwa duka leo na meli kesho. Tembo wa saruji hubaki tembo. Daka lako nalo halina sura ya kitu chochote, na pengine ndiyo sababu limedumu.

Ninafundisha wanafunzi wasioona, Morogoro. Mabanda mengi ya aina hii huzungumzia mwanga na kivuli, na wanafunzi wangu huishia kusimuliwa na wenzao. Kuna nini kwa ajili yao? Tunaweza kuweka mwangwi?

Mwalimu, barua yako imenifanya nisome upya majibu yangu ya juu na kuona kwamba nimeandika kurasa nzima kuhusu macho. Nianze na mwangwi, maana wengi huuomba na hautoki. Sikio hutenganisha sauti na mwangwi wake endapo kuna angalau sehemu moja ya kumi ya sekunde kati yake, na kwa muda huo sauti husafiri kiasi cha mita 34, kwenda na kurudi. Kwa hiyo ukuta unaorudisha sauti unapaswa kuwa mbali kwa mita 17 au zaidi. Ndani ya banda la mita 6 utapata uvumi wa sauti tu, wala si mwangwi.

Kinachowezekana ni mnong'ono unaosafiri. Jengeni mabakuli mawili makubwa ya saruji yanayotazamana, kila moja na kipenyo cha karibu mita 1 na nusu, yakiachana mita 15 hivi, moja ndani ya banda na jingine nje chini ya mti. Mwanafunzi akikaa mbele ya bakuli moja na kunong'ona, mwenzake aliye mbele ya la pili atamsikia kana kwamba wamekaa bega kwa bega, wakati aliyesimama katikati hasikii kitu. Fundi hahitaji mashine. Akifunga kamba ya mita 1 na nusu kwenye msumari, mwisho wake ukichora tao kwenye ubao, ubao huo ukikatwa unakuwa kalibu ya kuzungusha juu ya lipu mbichi. Bakuli la namna hiyo hukusanya sauti kwenye kitovu kilicho nusu ya urefu wa kamba, yaani sentimita 75 mbele yake, kwa hiyo kiti kiwekwe ili kichwa kiwe hapo hasa. Lipu ipigwe niru mpaka iteleze. Bakuli lenye makwaruzo hutawanya sauti na wanafunzi watasema fundi amewadanganya.

Zaidi ya sauti kuna joto na upepo. Ukuta wa matumbawe na ukuta wa bati vikiwekwa sambamba, mkono huviona tofauti saa 8 mchana na tofauti tena saa 1 usiku, na mwanafunzi asiyeona mara nyingi ndiye atakayeanza kueleza kwa nini. Upepo nao una majina ambayo lugha yetu imeyageuza kuwa pande za dunia: kaskazi na kaskazini, kusi na kusini. Banda la pwani lenye tundu nyembamba upande unaovuma na mlango mpana upande wa pili litamwambia aliyekaa humo msimu gani umefika kwa kumpuliza shavu moja au jingine. Morogoro ni bara, milima ya Uluguru ina mambo yake, kwa hiyo kaeni kiwanjani kwa wiki mbili na vitambaa vyepesi kwenye vijiti kabla ya kuchora.

Maandishi machache yatakayobaki yawe pia kwa nukta nundu, kwenye kimo ambacho mkono unafika ukiwa umetembea kwa kufuata ukuta, na njia ya kuingilia isizidi mwinuko wa 1 kwa 12 ili kiti cha magurudumu kipande bila kusukumwa kwa jasho.

Ninasoma usanifu majengo, Dar es Salaam. Mwalimu wetu alitupa kama mfano banda la Francis Kéré la London. Paa lake linateremkia katikati. Je, kwa mvua zetu hilo si kosa?

Si kosa, ukijua maji yatakwenda wapi. Kéré, mzaliwa wa Gando nchini Burkina Faso, alilijenga banda la jumba la sanaa la Serpentine mwaka 2017 akifikiria mti wa kijijini kwao ambao watu hukutana chini yake, na aliliacha paa liwe na uwazi katikati ili mvua ishuke mbele ya macho ya watu, kisha ikusanywe. London mvua ni ya manyunyu. Masika yetu humwaga maji kwa pupa, kwa hiyo mfereji wa katikati uwe mpana kuliko hesabu inavyokwambia na uwe na njia ya pili ya kutokea, kwa sababu majani ya mwembe yataziba ya kwanza.

Hilo likishakaa sawa, paa linalokusanya maji ni kipimo bora cha mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 6 kwa 6 litatoa lita 36 kwa kila milimita, yaani ndoo mbili kubwa kasoro kidogo. Panga ndoo hizo, au matangi yenye kioo cha kuonyesha kina cha maji, mahali ambapo watu wanajikinga na mvua hiyo hiyo. Wakikwama humo nusu saa watakuwa wanazihesabu.

Nimebaki na swali la Katibu wa Tanga kuhusu tarehe ya ufunguzi.

Ndugu Katibu, mnazo siku mbili. Ya kwanza ni karibu tarehe 7 Machi, jua litakapokuwa utosini kwenu kwenye saa 6 na dakika 35 mchana; ya pili ni tarehe 5 au 6 Oktoba, saa 6 na dakika 12. Tofauti hiyo ya dakika 23 baina ya siku hizo mbili waachieni wanafunzi. Mimi ningechagua Oktoba, kwa sababu masika yatakuwa yamelipima paa lenu. Wakusanyeni watu kuzizunguka nguzo za mlangoni, na kwa dakika hiyo nguzo zitasimama bila kivuli. Mwambieni diwani afike mapema na hotuba aiweke baadaye, kwa kuwa akichelewa dakika kumi tu, nguzo ya mita 3 itakuwa imeshatoa kivuli cha sentimita 13 upande wa mashariki.